Mistari ya Majivu

Siku ya fainali ya wanaume ya mzunguko mmoja, katika mashindano ya dunia ya riadha, sisi huku Butembo tulikuwa mchana. Huko walikokimbia taa zilikuwa zimeshawashwa, na mama akauliza kwa nini watu wazima wanangoja giza liingie ndipo wakimbie. Nilimweleza kwamba jua huwafikia wao kabla ya kutufikia sisi, kwa hiyo hata usiku wao hutangulia. Akaridhika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani wameshazoea kwamba swali dogo kwangu hupata jibu refu.

Tulikuwa tumekaa dukani kwa jirani yetu anayeuza vipuri vya pikipiki. Ana televisheni ukutani, juu ya rafu ya minyororo. Mdogo wangu alikuwa amekalia tairi jipya, karibu kabisa na kioo. Sisi wengine tulikuja kwa ajili yake, kwa sababu hiyo mbio ya mzunguko mmoja ndiyo mbio yake. Ni mbio ngumu kuielewa. Mwenye nguvu za ghafla huiona ndefu, mwenye subira huiona fupi, na kila anayeikimbia hufika mwisho miguu ikimkana.

Mdogo wangu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Pikipiki aliyokuwa akibebea abiria haikuwa yake, na mwenyewe alikuwa ameshaichukua. Mjomba wetu, anayenunua samaki Kyavinyonge na kuwapandisha hadi masoko ya Butembo, alikuwa amemwita akamsaidie kule ziwani. Mama alikuwa ameamua hivi: wiki hiyo hiyo kocha wa Beni angechagua vijana wawili wa mzunguko mmoja, wa kwenda kukimbia Kinshasa. Akichaguliwa, ataendelea na mazoezi. Asipochaguliwa, atapanda gari la kwenda ziwani, na viatu vya kukimbilia atapewa mwingine.

Mama hakuwa na ukali katika jambo hili. Alikuwa na macho yaliyoona mengi tu. "Mimi niliona batu banakimbia vita kwa barabara ya Beni na godoro kwa kichwa," aliniambia mara moja. "Hakuna mutu aliwapatia medali."

Wakimbiaji wakasimama kila mmoja kwenye njia yake, tayari kuinama. Uwanja uling'aa kwa mvua. Hapo duka zima likachafuka.

"Banaiba!" mwenye duka akapiga kelele. "Angalieni ule wa inje! Iko mbele ya bote, hata kabla ya kukimbia!"

"Pengine ni mutoto wa mukubwa," mteja mmoja akasema, na watu wakacheka.

"Vraiment, kwa macho ya dunia nzima!"

Ni lazima nieleze kwa nini jambo hili lilituumiza namna hiyo. Kwetu, mbio za haki ni mbio ambazo watu wote wanaanzia mstari mmoja, bega kwa bega, mguu wa mmoja usipite wa mwenzake hata kidole. Kwenye uwanja wa shule ya parokia, ambako mdogo wangu hufanya mazoezi, njia sita zimechorwa kuzunguka uwanja wa mpira. Zimechorwa kwa majivu. Mara ya kwanza zilichorwa kwa unga wa mihogo, mbuzi wakaja wakalamba njia ya kwanza na ya pili yote, na akina mama wa mtaa wakasema chakula hakimwagwi chini. Tangu hapo kila jiko lilitoa majivu yake, kama salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Mistari ikawa mizuri. Lakini mstari wa kuanzia ulibaki ule mmoja, umenyooka, unakata njia zote sita. Mgeni aliwekwa njia ya nje kabisa, jinsi mgeni anavyokaa kiti cha karibu na mlango, na mdogo wangu ndiye aliyejiunga wa mwisho. Kila mtu alijua kwamba kukimbilia ndani ni karibu kidogo. Hakuna aliyewahi kuipima hiyo kidogo.

Bastola ikalia kwenye televisheni. Niliwaambia watazame tu hadi mwisho. Walitazama huku wakinung'unika, na ilipofika kona ya mwisho manung'uniko yakakatika. Yule wa nje, aliyekuwa mbele peke yake kama aliyesahauliwa na wenzake, hakuwa mbele tena. Walitokea wote pamoja kwenye sehemu iliyonyooka, karibu sawa, na mbio ndipo zikaanza upya.

"Aa," mwenye duka akasema. "Alichoka, ule mwizi."

"Papa, hakuchoka," nikamwambia. Nikamgeukia mama, kwa sababu yeye ndiye niliyetaka aelewe. "Mama, unakumbuka shamba letu ya Masereka, ile ya kilima kidogo? Mistari ya viazi inazunguka kilima, sivyo? Wapi tunamaliza mbegu mingi, mustari wa juu ao wa chini?"

"Swali gani hiyo? Ya chini. Ya chini inazunguka tumbo ya kilima. Ya juu inazunguka kichwa tu."

"Bon. Babibi babili banaanza kulima pamoja, moja juu, moja chini. Nani anamaliza mbele?"

"Wa juu. Ndiyo maana mama-mukwe yangu alikuwa ananipatia mimi ya chini kila siku, na jioni anasema mimi muvivu."

Duka zima likacheka. Mteja mmoja alilazimika kushika rafu.

"Sasa kama unapenda bamalize pamoja?" nikauliza.

"Ule wa chini namusogeza mbele, apunguziwe..." Mama akatazama televisheni, ambako walikuwa wakirudia mwanzo wa mbio, wale wanaume wamepangwa kama ngazi. Akatazama tena. "Kumbe hawamupendelee," akasema. "Banamurudishia yake."

Mdogo wangu hakuwa amecheka. Alikuwa amegeuka juu ya tairi lake, mikono katikati ya magoti.

"Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "mimi nakimbiaka inje. Kila siku inje."

"Najua."

"Na tunaanziaka mustari moja."

Niliona akihesabu moyoni mbio zote alizoshindwa. Kwa miezi mingi tulimwambia, kwa upendo, kwamba anaanza vizuri ila mwisho unamshinda. Yeye mwenyewe aliamini hivyo. Sasa alikuwa anajiuliza mwisho wake ulikuwa wapi hasa.

Siku chache baadaye tuliteremka Beni watatu. Mama alisema anakwenda kuulizia bei ya kakao, na sisi tulijifanya kuamini. Beni ni chini kuliko kwetu na jua lake ni kali. Kando ya barabara kakao ilikuwa imeanikwa juu ya maturubai, na harufu yake chachu iliingia garini kila tulipopunguza mwendo kwenye kizuizi.

Uwanja wa Beni ulikuwa ndugu wa uwanja wetu: mpira katikati, njia sita za majivu kuzunguka, na mstari mmoja wa kuanzia. Kocha alikuwa mwanaume wa makamo mwenye filimbi shingoni na sauti ya upole. Alitupokea vizuri, akawaweka wenyeji ndani na sisi wageni nje. Hakuwa na nia mbaya, ndiyo adabu ileile ya kiti cha mlangoni. Mdogo wangu alinitazama kutoka njia ya sita. Nikataka kusema neno, lakini filimbi ilikuwa imeshalia.

Mdogo wangu alifika wa nne. Wa kwanza alikuwa kijana wa Beni, mtoto wa msafirishaji mmoja Mwislamu ambaye malori yake yalikuwa yameegeshwa nyuma ya goli. Wa pili alikuwa kijana mwingine wa hapo, aliyekimbia njia ya kwanza kabisa, ya ndani. Mama alianza kufunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, kama mtu anayejiandaa kwa safari ya kurudi.

Nilimfuata kocha kabla hajasema majina.

"Kocha, naomba uniruhusu kitu. Uliona fainali ya mashindano ya dunia?"

"Niliona, Madame."

"Bale baliofika pamoja pale mwisho, baliachana namna gani pale mwanzo?"

Alifikiri. Alikuwa ameona, kama ilivyoona dunia nzima, na kama wengi wetu alidhani ni mambo ya viwanja vikubwa. Lakini waliokuwa karibu walishasikia, na kelele ikapanda.

"Butembo! Banataka kuanza mbele!"

"Hata kwa mbio munatafuta faida?"

"Leo banaomba kipande ya njia, kesho bataomba uwanja muzima!"

Nilicheka nao, kwa sababu utani ule wa kutuita wafanyabiashara wapenda faida ni wa zamani kati ya miji yetu, na mtu akiuchukia amekwisha kushindwa. Nikasema, "Basi mutupime. Sehemu zilizonyooka ni sawa kwa bote, hizo tuziache. Ujanja iko kwa kona. Mutupatie kamba ndefu, tupime kona ya ndani, kisha kona ya inje. Kama ni sawa, tunarudi kwetu kimya."

Msafirishaji, baba wa yule mshindi, alikuwa anasikiliza akiwa ameegemea mlango wa lori. Alikuwa mzee wa kanzu fupi, na vijana wote walimwita Alhaji. Akamwambia msaidizi wake afungue kamba za malori matatu na kuziunga.

"Alhaji, unasaidia Butembo?" mtu akamuuliza.

"Kamba ni ya Beni," akajibu. "Kamba ya Beni itaiba kwa ajili ya Butembo namna gani?"

Sijawahi kufundisha somo zuri kama lile. Watu waliombwa wasimame juu ya mstari wa ndani, kwenye kona, wakikanyaga kamba ili ifuate mviringo. Walisimama: wakimbiaji, wauza maji, hata mwanamke mmoja wa ndizi za kuchoma, mwiko mkononi. Pale kona ilipoishia tulifunga fundo. Kisha tukaihamisha kamba ileile kwenye mstari wa nje na watu wakahama nayo. Ilianzia pale pale kona inapoanzia, ikazunguka, ikazunguka, na fundo likaishia njiani. Mbele yake kona iliendelea kwa kipande cha kupanga karibu malori mawili.

"Na kona ni ngapi kwa muzunguko moja?" nikauliza, kama ninavyouliza darasani.

"Mbili!" wakajibu wengi kwa pamoja, na wengine wakajionea aibu kujibu kama watoto.

"Donc, kwa hiyo?"

Watu walikuwa wanatazama mahali fundo lilipolala, wakiongeza malori mawili juu ya mengine mawili. Kocha ndiye aliyesema, akimtazama mdogo wangu: "Donc huyu asubuhi alikimbia mbio yetu, na ingine kidogo juu yake."

Akaamua mbio zirudiwe jua likipoa kidogo, baada ya Alhaji na mwanawe kurudi kutoka sala ya alasiri. Tulipima njia moja baada ya nyingine. Majivu ya kuchorea alama mpya yalikuwa hayapo, na hapo nilimwona mama akienda kwa wanawake waliokuwa wakichoma ndizi kando ya uwanja. Aliinama, akaomba, akakoroga mbabula, yale majiko yao ya makaa, moja baada ya nyingine kwa kijiti, akarudi na bakuli limejaa. Alichora alama za kuanzia kwa mkono wake mwenyewe, akifuata nilikoelekeza, kwa uangalifu uleule anaotumia kupanda mbegu. Hakuniambia tena habari za kakao.

Kisha kocha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. "Bon," alisema. "Kama mupango huu ni wa haki, hautajali nani iko wapi. Tugeuze. Mushindi wa asubuhi aende inje. Butembo aingie ndani."

Mtoto wa Alhaji akaenda kusimama kwenye alama ya njia ya sita, mbali mbele. Mdogo wangu akabaki kwenye mstari wa zamani, wa mwisho kabisa, na migongo ya watu watano mbele yake.

Kelele zilizofuata nazikumbuka hadi leo.

"Butembo, si mulitaka faida? Kamata faida yako!"

"Ule wa inje ashafika Kasindi, kwa mupaka!"

"Butembo, tutakuachia taa, utafika kesho!"

Mdogo wangu akaniita. Nilienda hadi kando ya mstari. Uso wake ulikuwa umebadilika. Asubuhi alishindwa kwa sababu ya jambo ambalo hakulichagua. Sasa alikuwa anaambiwa aanze nyuma ya watu wote kwa sababu ya maelezo ya dada yake.

"Yaya," alisema kwa sauti ya chini, "uko na hakika?"

Nilikuwa na hakika ya kamba. Hakika ya miguu yake sikuwa nayo, na sikutaka kumdanganya. "Njia nina hakika nayo," nikamwambia. "Iko sawa kwa bote. Usibafukuze. Kimbia muzunguko yako, kona ya kwanza kwa akili, na kwa kona ya pili utaona banarudi kwako benyewe."

"Na kama bakikataa kurudi?"

"Basi utakuwa umeshindwa kwa haki, na mimi nitakubebea samaki."

Akacheka kidogo. Hiyo ilitosha.

Filimbi ikalia. Kwenye kona ya kwanza bado alikuwa nyuma ya wote, na watu wa Beni waliimba. Aliwaona wote watano mbele yake na hakuharakisha. Mama alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vikavu kwa majivu. Kwenye sehemu ya nyuma iliyonyooka alirefusha hatua. Wimbo ukapungua. Kwenye kona ya pili jambo lile tuliloliona kwenye televisheni likaanza kutokea hapa kwetu, juu ya udongo mwekundu: ile ngazi ikaanza kujikunja. Aliyekuwa mbali akawa karibu. Aliyekuwa karibu akawa sawa. Walipotoka kwenye kona, wote sita walikuwa bega kwa bega, ule usawa tuliouzoea sisi kwenye mstari wa kuanzia, ila sasa ulikuwa umekuja mwishoni, na kila mmoja alikuwa ameufikia kwa miguu yake.

Hakuna aliyeimba tena Butembo wala Beni. Watu walipiga kelele tu.

Mtoto wa Alhaji alishinda, kutoka njia ya nje, na hakuna ambaye angeweza kusema kwamba asubuhi alibahatisha. Mdogo wangu alikuwa wa pili. Ule mwisho tuliodhani unamshinda ulikuwepo wakati wote. Ulikuwa tu unafika wakati wenzake, waliokimbia njia fupi, wameshamaliza.

Wa tatu alikuwa yule kijana aliyekuwa wa pili asubuhi. Alikaa kwenye majani akihema, na nilimwonea huruma kweli, maana nafasi ilikuwa mkononi mwake na kamba yetu ilikuwa imemnyang'anya. Mdogo wangu alimwendea akampa maji.

"Mulinipima," kijana alisema.

"Mimi pia balinipima," mdogo wangu akamjibu. "Kuya Butembo, tufanye mazoezi pamoja. Kule kuko milima, utanikamata haraka."

Kocha, ambaye alikuwa amesikia, akamwambia kijana kwamba mtu akiugua au akiumia kabla ya safari, jina lake ndilo la kwanza. Kisha akataja wale wawili. Alhaji alikuja kukunja kamba zake, akampa mama mkono, akauona mkono ulivyojaa majivu, akaushika hivyo hivyo.

Tulipokuwa tunangoja gari la kurudi, mama alimpigia mjomba simu. Aliongea kwa sauti kubwa, kama anavyoongea kila mara na watu wa ziwani, akidhani umbali unahitaji nguvu.

"Ndugu yangu, tafuta mutu mwingine wa samaki. Huyu iko na kazi." Akasikiliza. "Kazi gani? Ya kuzunguka." Akasikiliza tena, akatabasamu. "Hapana, hakimbie barabarani. Anakimbia kwa mustari. Mimi mwenyewe niliichora."

Mdogo wangu anaondoka kwenda Kinshasa mwezi ujao. Atakimbia pale alipopangiwa, ndani au nje, na haulizi tena. Kwenye uwanja wa parokia sasa kuna alama sita za kuanzia, zimepangwa kama ngazi, na watoto wa shule yangu wakizikuta hubishana nani ameibiwa, hadi mmoja wao anapowaeleza. Mvua ikizifuta, mama hangoji kupelekewa habari, huenda kuzichora upya. Karibu na jiko letu ameweka mfuko, na majivu ya kila asubuhi yanaingia humo.